ABDULQADIR AL-HUSAYNI NA BABA YAKE: NIA MOJA, NJIA MBILI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Jina la Abdulqadir al-Husayni si geni kwa wanaofuatilia habari za Palestina. Ndiye kamanda aliyeuawa katika kijiji cha Qastal mwaka 1948, akilinda njia ya kuingilia Al-Quds, na mpaka leo Wapalestina wanamtaja kwa heshima. Baba yake, Musa Kazim Pasha al-Husayni, hatajwi sana. Lakini maisha ya mwana hayafahamiki bila ya kuyajua ya baba, kwa sababu karibu kila alilolifanya Abdulqadir lilikuwa ni jawabu kwa njia ambayo baba yake aliishika kwa miaka mingi. Wote wawili walitaka jambo moja. Waliloachana ni namna ya kulipata, na hilo si jambo dogo ndani ya nyumba moja.

Tuanze na mzee.

Musa Kazim alizaliwa Al-Quds mwaka 1853, wakati Palestina ikiwa chini ya dola ya Uthmaniya. Ukoo wa Al-Husayni ulikuwa miongoni mwa koo kubwa za mji ule, na kwa vizazi vingi ulitoa mamufti na wakuu wa mji. Baba yake, Salim, alikuwa meya wa Al-Quds. Musa Kazim alipelekwa Istanbul kusoma katika chuo cha watumishi wa serikali, na alipomaliza akaanza kazi ya utawala. Alipangiwa sehemu moja baada ya nyingine: Jaffa, Safad, nchi za Sham, Asir kule Bara Arabu, na Iraq. Alipewa cheo cha Pasha. Kwa ufupi alikuwa mtu wa serikali, mtu wa mihuri na nyaraka. Katika utawala ule, mwenye dhulma huandika malalamiko yake, huyapeleka kwa mkubwa, kisha husubiri. Mzee aliishi ndani ya utaratibu huo zaidi ya nusu ya umri wake, na ndio alioujua.

Kisha dunia ikageuka. Tarehe 2 Novemba 1917 Uingereza ilitoa Tamko la Balfour, ikaahidi kusaidia kuanzishwa makao ya taifa la Mayahudi katika Palestina. Wenyeji waliokuwa wengi zaidi, Waislamu kwa Wakristo, hawakutajwa kwa jina. Waliitwa tu jamii zisizo za Kiyahudi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba, majeshi ya Uingereza yaliingia Al-Quds. Meya aliyetoka na bendera nyeupe kuusalimisha mji alikuwa Husayn al-Husayni, ndugu yake Musa Kazim. Husayn hakuishi muda mrefu baada ya hapo, na mwaka 1918 Waingereza wakamweka Musa Kazim kwenye kiti kile kile.

Hakukaa sana. Mwezi wa Aprili 1920, katika siku za msimu wa Nabii Musa ambapo watu kutoka vijijini humiminika Al-Quds, kulitokea ghasia kubwa, na Mayahudi na Waarabu waliuawa. Mzee alikuwa miongoni mwa waliouhutubia umati siku hiyo. Gavana wa Kiingereza, Ronald Storrs, alimwondoa katika umeya na kumpa mtu wa ukoo wa Nashashibi, washindani wa Al-Husayni. Tangu hapo uhasama wa koo hizo mbili uliwala Wapalestina kwa ndani kama mchwa, na Waingereza walijua kuutumia.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wajumbe wa Kiarabu walikutana Haifa, wakaunda Kamati Tendaji ya kuwasemea mbele ya serikali. Walimchagua Musa Kazim awe mwenyekiti, naye akabaki katika nafasi hiyo mpaka alipofariki.

Hapa ndipo ilipoanza safari yake ndefu ya nyaraka. Mwezi wa Machi 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alipofika Cairo na kisha Al-Quds, mzee alimfikishia hoja za Waarabu kwa maandishi, akataka Tamko la Balfour lifutwe na uhamiaji usimamishwe. Churchill alikataa, tena kwa uwazi. Mwezi wa Agosti mwaka ule mzee alipanda meli kwenda London na ujumbe wa Waislamu na Wakristo pamoja, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Waliandika, wakajibiwa, wakaandika tena. Mwezi wa Juni 1922 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wake wa sera, na Tamko la Balfour likabaki pale pale. Mwisho wa mwaka huo alikuwa Lausanne, ambako mataifa yalikuwa yakijadili mkataba na Uturuki. Mwaka 1923 akarudi London. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 77, alikwenda London tena, safari hii pamoja na Hajj Amin al-Husayni, mufti wa Al-Quds, na viongozi wengine.

Tumfanyie insafu mzee huyu. Wapo wanaomcheka, wanasema aliomba kwa aliyekwisha kunyimwa naye. Lakini safari ya 1930 nusura izae matunda. Mwezi wa Oktoba mwaka ule serikali ya Uingereza, baada ya uchunguzi, ilitoa waraka uliokiri kwamba ardhi ya Palestina haitoshi na kwamba uhamiaji na ununuzi wa ardhi viwekewe mipaka. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba subira ya mzee imelipa. Kisha mwezi wa Februari 1931 Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, alimwandikia barua kiongozi wa Wazayuni, Chaim Weizmann, na barua hiyo ikautengua waraka ule. Waarabu waliita Barua Nyeusi. Kazi ya miaka kumi ikafutwa kwa kurasa chache.

Barua hiyo ilipoandikwa, mwanawe Abdulqadir alikuwa kijana anayesoma Cairo.

Abdulqadir alizaliwa mwaka 1907, sawa na 1325 Hijria, baba yake akiwa na miaka 54. Yaani umbali wao wa umri ulikuwa wa babu na mjukuu. Mama yake alifariki angali mtoto mchanga, akalelewa katika nyumba ya baba ambayo daima ilijaa wageni: masheikh, wakuu wa vijiji, waandishi, wajumbe. Alikuwa na umri wa miaka kumi Waingereza walipoingia mjini, na kumi na tatu baba yake alipovuliwa umeya. Mtoto wa umri huo anaona na anafahamu. Baba yake aliwahi kuishi chini ya dola iliyomheshimu, na akilini mwake serikali ilikuwa kitu kinachoweza kuzungumza na mtu wa haki. Abdulqadir serikali aliyokulia chini yake ni hiyo iliyomfukuza baba yake kazini na kuyaacha maombi yake bila ya kuyatimiza.

Alisoma Al-Quds katika skuli ya Rawdatul Maarif, skuli ya Kiislamu iliyotoa vijana wengi wa harakati za wakati ule, akamaliza mwaka 1927. Akaenda Beirut katika Chuo Kikuu cha Wamarekani, lakini fikra zake za siasa hazikupokewa vizuri na hakudumu. Akahamia Chuo Kikuu cha Wamarekani cha Cairo, akasoma sayansi. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Waprotestanti wa Marekani mwaka 1919, na kijana aliamini kwamba nyuma ya elimu kulikuwa na kazi ya kuwavuta watoto wa Kiislamu waache dini yao. Alinyamaza miaka yote ya masomo. Mwaka 1932 siku ya mahafali ikafika, wakubwa wamekaa, wageni wamejaa, na jina lake likaitwa. Alipokwisha kuipata shahada yake akasimama mbele ya hadhara na kukishutumu chuo waziwazi kwamba kinafanya kazi ya kimisionari kwa kisingizio cha elimu. Kukawa na zogo kubwa. Chuo kikamnyang'anya shahada, na serikali ya Misri, iliyokuwa chini ya Ismail Sidqi, ikamwamuru aondoke nchini.

Basi mfikirie Musa Kazim Pasha katika mwaka huo. Yeye amekaa mbele ya mawaziri wa Kiingereza, ameambiwa hapana mara baada ya mara, na kila mara amesimama, akaaga kwa adabu, akaondoka na hadhi yake. Mwanawe yuko kwenye magazeti kwa kuwavunjia heshima wenyeji wake siku ya sherehe. Mwanachuo aliyesomeshwa ili awe bwana mkubwa kama baba yake amerudi Al-Quds hana shahada na amefukuzwa nchi ya watu.

Si lazima tuwape ugomvi wa makelele. Katika nyumba za watu wa heshima mvutano mara nyingi huwa wa kimya, na huu ulikuwa mzito kuliko makelele. Kila siku Abdulqadir aliyokaa na vijana wenzake, akitafuta bunduki na kuunda makundi ya siri, ilikuwa ni kusema kwamba miaka kumi na miwili ya kazi ya baba yake imepotea bure. Na kila siku Musa Kazim aliyosaini waraka mwingine kwa Kamishna Mkuu wa Uingereza, ilikuwa ni kumwambia mwanawe kwamba bunduki italeta maangamizi kwa watu wasio na jeshi. Ukweli wenyewe ni kwamba kila mmoja alikuwa na hoja. Na halikuwa jambo la nyumba yao peke yake. Mwaka 1932 wanasiasa wa kizazi kipya walianzisha chama cha Istiqlal, na moja katika mambo waliyoyapigia kelele ni ulegevu wa viongozi wazee mbele ya Uingereza. Kiongozi mzee kuliko wote alikuwa babake Abdulqadir.

Masheikh zetu wanatufundisha kwamba kuwatendea wema wazazi ni faradhi, na kwamba kutofautiana nao kwa rai si ruhusa ya kuwadharau. Katika jambo hili mwenendo wa Abdulqadir unastahiki kutazamwa. Hakujitenga na jina la baba yake wala hakusimama hadharani kumtoa makosa. Alimwacha mzee na njia yake, na yeye akashika ya kwake.

Mwaka 1933 hali ilizidi kuwa nzito. Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani mwezi wa Januari, na Mayahudi waliokuwa wakikimbia mateso walianza kumiminika. Wahamiaji zaidi ya 30,000 waliingia Palestina kwa mwaka huo mmoja. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1931 nchi nzima ilikuwa na watu kama 1,035,000, na kati yao Mayahudi walikuwa kama 175,000. Tukumbuke kwamba wengi wa wahamiaji hao walikuwa watu waliodhulumiwa kwao. Lakini gharama ya dhulma ya Ulaya alitwikwa mkulima wa Kipalestina, ambaye hakuwa na hatia yoyote.

Kamati Tendaji iliamua kuitisha maandamano. Serikali ikayapiga marufuku. Hapo ndipo mzee alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu wa aina yake: aliyaongoza mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1933 aliandamana Al-Quds. Ijumaa ya tarehe 27 Oktoba alikuwa Jaffa, umri wake miaka 80, mbele ya umati uliotoka msikitini baada ya Sala. Askari waliokuwa juu ya farasi waliuingilia umati kwa virungu, kisha risasi zikapigwa. Waarabu zaidi ya 20 waliuawa Jaffa na katika miji mingine siku hizo. Mzee alipigwa akaanguka, na afya yake haikurudi tena.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Pasha wa zama za Uthmaniya, aliyeamini kwamba mkubwa akielezwa vizuri atasikia, mwisho wake aliuendea kwa miguu yake barabarani, akipigwa kirungu pamoja na wachukuzi wa bandarini na wauza machungwa. Alikuwa amefika mahali ambapo mwanawe alikuwa akimngojea. Lakini muda haukubaki. Mwezi wa Machi 1934 Musa Kazim Pasha alifariki dunia, akazikwa katika eneo takatifu la Al-Aqsa, upande wa magharibi. Miezi michache baadaye Kamati Tendaji aliyoiongoza miaka 13 nayo ikasambaratika.

Inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

Abdulqadir sasa alikuwa na miaka 27. Mwaka huo huo alimwoa Wajiha, binti wa ukoo wao, na mmoja katika watoto wao wa kiume alimpa jina la Musa. Aliandika magazetini, kisha akajiunga na Chama cha Waarabu wa Palestina kilichoanzishwa mwaka 1935. Akachukua pia kazi katika idara ya serikali ya kusajili ardhi. Wengi walishangaa kumwona akila mshahara wa Waingereza. Kazi hiyo ilimpa sababu ya kuzunguka vijijini, akajua mipaka ya mashamba na njia za milimani, nani anashawishiwa kuuza ardhi na nani anaweza kuaminiwa kwa siri. Baba yake aliijua Palestina kupitia wakubwa wake, na yeye aliijua kupitia wakulima.

Mwaka 1936 ulipoanza mgomo mkuu na uasi dhidi ya Uingereza, aliacha kazi, akaingia milimani na kuongoza wapiganaji wa sehemu za Al-Quds. Mwanzoni mwa Oktoba, katika mapigano ya Al-Khadr karibu na Bethlehem, alijeruhiwa na kukamatwa, na mwenzake Said al-As kutoka Syria akauawa. Abdulqadir alitoroka hospitali akafika Damascus. Mwaka 1938 alirudi, akajeruhiwa tena vibaya huko Bani Naim karibu na Al-Khalil. Uasi ulipozimwa mwaka 1939 Waarabu kama 5,000 walikuwa wamekufa, viongozi wengi wamefukuzwa nchini au wako gerezani, silaha zimenyang'anywa, na Wapalestina wamemwagana damu wao kwa wao kwa sababu ya ule uhasama wa koo tuliotaja. Hofu ya mzee Musa Kazim juu ya bunduki haikuwa hofu ya mwoga.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhamishoni. Alikwenda Iraq, akafundisha hesabu Baghdad na akapata mafunzo ya uafisa. Mwaka 1941 Waingereza walipopigana na serikali ya Rashid Ali alipigana upande wa Wairaqi, akawekwa kizuizini. Baadaye akaishi Saudi Arabia, kisha mwaka 1946 akahamia Cairo, mji uliokuwa umemfukuza miaka 14 nyuma.

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa Palestina. Mwezi wa Desemba Abdulqadir alivuka mpaka kwa siri akarudi nchini kwake, baada ya kuwa mbali karibu miaka tisa, na kuliongoza Jeshi la Jihad Takatifu katika eneo la Al-Quds, makao yake yakiwa Birzeit. Shabaha yake ilikuwa ni barabara. Mayahudi kama 100,000 waliokuwa Al-Quds walitegemea chakula na silaha kutoka pwani kupitia njia nyembamba ya milimani inayopita Babul Wad na chini ya kilima cha Qastal. Aliyeishika njia hiyo aliushika mji, na mpaka mwisho wa Machi 1948 yeye ndiye aliyekuwa ameishika.

Kuna jambo ambalo wasifu nyingi hulipita haraka. Katika miezi hiyo watu wa jeshi lake walilipua mabomu ndani ya mitaa ya Mayahudi. Lililopigwa mtaa wa Ben Yehuda tarehe 22 Februari 1948 liliua watu zaidi ya 50, wengi wao raia. Makundi ya Kizayuni nayo yalikuwa yakilipua mabomu katika masoko na mitaa ya Waarabu. Lakini dini yetu imekataza kuuliwa asiyepigana, na kosa la adui haligeuzi haramu ikawa halali. Kumpenda shujaa si sababu ya kulificha jambo kama hilo kwa watoto wetu.

Mwisho wa Machi alikwenda Damascus. Huko ilikaa Kamati ya Kijeshi ya Umoja wa Nchi za Kiarabu, iliyokuwa na silaha na fedha za vita. Wapiganaji wake walikuwa na bunduki za kila aina, nyingi za zamani, na risasi za kuhesabu. Akaomba mizinga, bunduki na risasi. Wakuu wa kamati hawakumpa alichokihitaji. Wengi wao waliwaona wapiganaji wake ni watu wa vijijini wasio na nidhamu ya jeshi, na kila serikali ya Kiarabu ilikuwa na mipango yake. Akiwa bado huko, tarehe 3 Aprili, ikafika habari kwamba Qastal imetekwa na majeshi ya Haganah. Akaomba tena, na safari hii pia hakupata. Tarehe 6 Aprili alimwandikia barua Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi za Kiarabu, akawabebesha lawama ya kuwaacha askari wake bila ya msaada wakati wako kwenye kilele cha ushindi wao.

Hapa baba na mwana wanakutana. Abdulqadir aliyeikataa njia ya nyaraka alimaliza siku zake za mwisho akiwa amekaa ofisini kwa watu wakubwa, akieleza, akiomba, akiandika. Tofauti ni kwamba baba yake aliomba kwa Waingereza, na yeye aliomba kwa ndugu zake Waarabu. Jawabu walilopata lilifanana. Huenda usiku ule alimwelewa mzee wake kuliko alivyopata kumwelewa alipokuwa hai.

Akarudi Palestina na silaha chache tu. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Aprili aliongoza mwenyewe shambulio la kuikomboa Qastal, na katika giza la alfajiri, ndani ya kijiji, akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 41. Wapiganaji wake hawakujua aliko. Habari zilipoenea kwamba kamanda amepotea, watu walitoka vijiji vya pande zote na Al-Quds yenyewe, kila mtu na silaha yake, wakaushambulia mlima mpaka wakaichukua Qastal mchana wa siku ile. Wakaikuta maiti yake.

Ijumaa ya tarehe 9 Aprili alizikwa. Maelfu ya watu walijaa katika eneo la Al-Aqsa, na wapiganaji wengi waliacha nafasi zao ili wamsindikize. Kilimani Qastal wakabaki wachache, Haganah wakairudia na kuitwaa bila ya tabu. Alfajiri ya siku hiyo hiyo, kilomita chache kutoka hapo, makundi ya Irgun na Lehi yaliingia kijiji cha Deir Yassin na kuua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Hofu ikaenea nchi nzima na watu wakaanza kukimbia. Wapalestina waliokimbia au kufukuzwa makwao mpaka kumalizika kwa vita vile walikuwa kama 700,000.

Kaburi la Abdulqadir lilichimbwa ubavuni mwa kaburi la Musa Kazim Pasha, karibu na Babul Qattanin, Mlango wa Wauza Pamba.

Aliacha mtoto wa kiume aitwaye Faisal, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1940. Faisal hakutimiza hata miaka minane baba yake alipouawa, na kwa maisha yaliyokuwa ya vita na uhamisho, siku alizokaa naye hazikuwa nyingi. Alipokuwa mkubwa alianza na njia ya baba: alisoma chuo cha kijeshi Syria, na mwaka 1967 alifungwa na Waisraeli kwa kukutwa na silaha. Baadaye akageuka. Alijifunza Kiebrania, akawa anakaa na Waisraeli kuwaeleza haki ya watu wake, akafungwa mara kadhaa hata hivyo, na kuanzia mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa walioongoza mazungumzo ya amani kutoka ofisi yake ya Orient House mjini Al-Quds. Mjukuu alikuwa ameirudia njia ya babu, ya hoja na karatasi.

Faisal alifariki Kuwait tarehe 31 Mei 2001. Jeneza lake lilipitishwa Ramallah, watu wakalibeba mpaka Al-Quds kwa wingi ambao mji haukuwa umeuona kwa miaka, akazikwa pale pale pembeni mwa baba na babu. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya Israel iliifunga Orient House.